Santuri Tatu za Taban

Léontine aliingia sebuleni kwangu Ediofe akiwa amekumbatia santuri tatu zilizofungwa kwa kitenge. Alitoka nazo Koboko asubuhi, na njia nzima hakukubali kuzitua kitini. Marehemu mumewe, Taban, alikuwa mpiga tarumbeta wa Mwangaza Jazz, bendi iliyochezesha mji ule katika ujana wetu. Jumapili jamaa wangekusanyika kumkumbuka, na santuri moja ingepigwa.

Moja, ya zamani, ilikuwa na ufa. Mbili zilikuwa nakala zake zilizochapishwa upya ng'ambo, na binti yake Christelle alizituma.

"Mwalimu, ya zamani naogopa kugusa," alisema. "Na sauti yake naanza kusahau. Nikisikia ya uongo siku ile, ndiyo itabaki kichwani mpaka nikufe. Wewe ulifundisha kwaya. Niambie gani iko yake."

Gaspard, mdogo wa Taban, ambaye ndiye aliyemleta Léontine kwa gari, alicheka. "Mwalimu huyu? Si alitufukuza kwaya sababu ya jazz?"

"Niliwafukuza kwa kuchelewa," nikamjibu, nikafungua gramafoni yangu ya umeme.

Santuri mpya ya kwanza haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ngoma zilikaa mbali, tarumbeta ikang'aa mbele.

"Weka hii, shemeji," Gaspard alisema. "Iko safi."

"Iko safi. Lakini mutu haiko ndani."

Ya pili ilianza vizuri, kisha tarumbeta ikazama na kuburuta. Léontine akasimama ghafla, mikono mdomoni.

"Toa! Hiyo iko sauti ya hospitali! Siku za mwisho alikuwa anapumua hivyo!"

Nikatamka kwa ukali kwamba waliochapisha wameiharibu kazi. Ndipo nilipoona taa imefifia. Jirani alikuwa amewasha mashine ya kusaga unga. Umeme ulipungua, na gramafoni ikazunguka polepole. Nilikuwa nimeilaumu santuri isiyo na hatia.

Tulingoja mpaka jirani alipomaliza kusaga. Ilipopigwa tena, tarumbeta ilisimama wima. Na kabla ya kila mstari tulisikia jambo ambalo ile safi ilikuwa imelifuta: mtu akivuta pumzi.

Léontine hakufurahi.

"Kama hata hii wametengeneza na mashine? Pumzi ya mutu mwingine?"

Jibu lilikuwa katika ile yenye ufa tu, na sindano ingeweza kunasa pale na kuikata. Hatukujua nyingine ya zamani iliyobaki popote. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Niliogopa kumuua Taban mara ya pili, nyumbani mwangu.

"Shemeji, wacha," Gaspard alinong'ona. Hakuwa akicheka tena.

Léontine aliiweka mwenyewe. Alishusha sindano, akafumba macho. Mkwaruzo, kama mvua juu ya bati. Sindano ikagonga ufa, tok, ikaruka, tok, ikaruka tena. Gaspard aligeukia ukuta. Nami nilikuwa nikisali kimoyomoyo.

Kisha, katikati ya makelele yale, Taban akavuta pumzi: fupi, ya puani, ileile tuliyoisikia katika ya pili.

Léontine akainua sindano kabla tarumbeta haijalia.

"Ni yeye," alisema. "Jumapili tutapiga ile ya pili. Funga hii ya zamani, Mwalimu. Funga mbio."