Githinji na Pijo Isiyojulikana

Zachariah Githinji hakutulia wiki nzima. Miaka tisa mji wa Eldoret ulimjua kwa gari yake, Pijo 504 nyeupe. Sasa alikuwa ameiuza kwa Kituyi, karani wa posta, akanunua ile mpya, 505, ya bluu iliyokoza. Alingoja sifa. Aliyoyapata ni watu kuizunguka nje ya duka lake wakiguna.

"Mzee, hii wamechonga na panga," alisema Opiyo, mpakiaji wake. "Ile ingine ilikuwa na macho. Ilikuwa inakuangalia."

Ilimuuma Githinji, tena sana.

Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda Burnt Forest kumposea mwanawe Kiarie. Msichana ni Wacera, binti Nderitu, na posa ya watu wengine ilikuwa njiani. Virginia, mke wa Githinji, alimsihi waazime ile ya zamani.

"Huko hawajazoea hii, Baba Kiarie."

"Watazoea leo," akajibu, akawasha gari. Alijua wakwe watamsifia, wapende wasipende.

Walipoingia uani, wazee saba waliokuwa wamekaa vitini waliinuka kwa pamoja. Githinji akafurahi, akapiga honi. Wazee wakatimka, wakapotelea kwenye mahindi.

Nderitu peke yake alibaki, kofia mkononi. "Hapa hakuna mkutano, afande," alisema. "Ndio maana hatukuomba laiseni ya serikali."

"Mzee Nderitu, ni mimi."

Nderitu alimkodolea macho, kisha akaketi. "Gari mpya kama hiyo ni ya polisi wa siri. Ikiingia kwa mtu siku hizi, anaaga bibi kwanza."

Bila wazee hakuna posa. Githinji akaingia shambani na suti yake, akiita huku na huku. "Ni Githinji! Githinji wa duka!"

Sauti ikatoka katikati ya mahindi: "Githinji ana ile nyeupe."

Aliyahubiria mahindi yale karibu saa nzima, akitaja ukoo wake hadi babu, ndipo wakajitokeza mmoja mmoja, makoti yamejaa majani. Walimtoza faini ya mbuzi kwa kuwakimbiza wakwe, wakaipokea posa.

"Lakini siku ya harusi," mkubwa wao akasema, "msichana wetu hapandi hiyo. Mtamchukua na gari yako, ile nyeupe."

Jumatatu asubuhi, kabla posta haijafunguliwa, Githinji alikuwa amesimama mlangoni akimngoja Kituyi.