Mafuta ya Ng'ambo ya Barabara

Teksi nyeupe ilipowasha taa ya kukata kona kuelekea kituo cha mafuta cha Tajiri, Msumari alijitupa mbele yake na kuweka viganja vyote viwili juu ya boneti. Mtetemo wa injini ulimpanda hadi mabegani.

"Toka hapo, utakufa bure!" dereva alifoka, kichwa nje ya dirisha. Walimwita Kidevu, dereva mwenzake Msumari wa stendi moja ya teksi, ulimi kama wembe.

"Kufa nilishakufa walipopandisha bei. Vuka barabara. Tulikubaliana."

"Foleni ya kule unaiona lakini?"

"Naiona. Ni mimi niliyeipanga."

Kidevu akasonya, akarudi kinyumenyume, akavuka kwenda kituo kidogo cha ng'ambo, ambako magari yalikuwa yamepangana hadi mlangoni kwa mafundi wa bodi. Waliokuwa kwenye foleni walimpigia Msumari honi za pongezi. Hakuitikia. Chini ya paa la kituo cha Tajiri, mhudumu wa pampu aliyevaa sare nyekundu alikuwa amesimama mikono kiunoni, hana mteja hata wa dawa, anamtazama. Alikuwa dada yake, tumbo moja.

Jina la Msumari alipachikwa kwa sababu akishaingia mahali hatoki, na kwa sababu hasahau. Alikumbuka wakati wa uhaba, kibao cha HAKUNA MAFUTA kikining'inia kwa kamba mbele ya kituo hichohicho, huku nyuma ya ukuta magari ya wakubwa yakijazwa mpaka yanacheua. Alikumbuka bei ilivyopandishwa kwa kisingizio cha vita vya mbali, na vita vilipokwisha bei ikabaki palepale, kama mgeni aliyenogewa na kitanda. Watu husahau upesi, na usahaulifu wao ndio unaowajengea kina Tajiri maghorofa. Kwa hiyo safari hii bei ilipopanda, Msumari alipanda juu ya tairi bovu pale stendini akasema: tumsusie mmoja tu, yule ambaye siku zote ndiye wa kwanza kupandisha. Akilegea yeye, wenzake watalegea. Madereva walipiga makofi mpaka mwenyekiti wa stendi, mtu mzima asiyependa makuu, naye akapiga.

Dada yake hakuulizwa. Angeulizwa vipi? Mgomo ni mgomo.

Jioni hiyo aliitwa kwa mama yao. Mama alikuwa amelala chali, miguu imevimba, na dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anamkanda, hata sare hajavua.

"Karibu, shujaa," dada alisema bila kugeuka. "Bosi katuweka kikao leo. Mauzo yakiendelea hivi hadi kesho, aliyeingia wa mwisho anatoka wa kwanza. Unamjua ni nani."

"Namjua."

"Na dawa za mama zinatoka mfuko gani, unaujua?"

"Dada, vumilia kidogo. Tajiri akishalegea—"

"Alegee?" Alicheka kicheko kikavu. "Mtu anaingia ofisini anapiga mluzi! Hebu niambie, kaka, kile kituo cha ng'ambo kinachota wapi mafuta? Kisimani?"

Msumari alivuta kigoda akaketi.

"Bohari ni la Tajiri. Malori ni ya Tajiri. Yule bwana wa ng'ambo ananunua kwake kwa jumla, na tangu muanze ushujaa wenu lori halipumziki. Mkinunua kwetu, anakula. Mkinunua kule, anakula. Ila kule halipi mishahara yetu. Mmempunguzia gharama, kaka. Anatafuta tu sababu ya kutufukuza, na sababu mmempelekea mlangoni."

"Nani kakwambia hayo?"

"Macho yangu. Ya kwako yako wapi? Kutwa umesimama barabarani unatazama kituo kimoja, kingine umekipa mgongo." Akamgeukia hatimaye. "Warudishe watu kwetu. Kesho asubuhi. Mama, mwambie mwanao."

Mama alifumba macho. "Nyote nimewanyonyesha mimi. Msinifanye hakimu."

Asubuhi Msumari alisimama kwenye uwanja wa kituo kidogo kabla jua halijakausha umande kwenye vioo vya magari. Lori la mafuta lilikuwa limekwisha kuegeshwa, mpira wake mnene umezamishwa kwenye tundu la tangi la ardhini. Ubavuni lilikuwa limefunikwa turubai. Lori la mafuta na turubai wapi na wapi! Alilishika pembe akalifunua. Chini yake palikuwa na rangi nyekundu, ileile ya sare ya dada yake, na jina la Tajiri kwa herufi za kimo cha mtoto.

"Wee bwana, funika hiyo," dereva wa lori alisema, anapiga miayo. "Mimi nimeambiwa nifunike."

"Ukaambiwa kwa nini?"

"Eti kuna wapumbavu fulani wamegoma. Wasije wakaona rangi wakaumwa." Akamtazama vizuri. "Si wewe, bwana mkubwa?"

Nyuma yao mhudumu alikuwa juu ya ngazi, anabadilisha tarakimu kwenye ubao wa bei. Foleni imekuwa ndefu, basi bwana wa ng'ambo naye kaongeza. Sasa petroli ya kituo kidogo ilikuwa ghali kuliko ya Tajiri mwenyewe. Msumari aliliacha turubai wazi, akaondoka.

Stendini alikuta madereva wamekwisha kuuona ubao. Aliwaeleza yote: lori, turubai, bohari. Hakuficha hata lile neno la wapumbavu la dereva wa lori.

Kidevu alikuwa wa kwanza kusimama. "Haya, tumesikia. Sasa utatuambia turudi kwa Tajiri, siyo? Kwa heshima zote za dada yako mpendwa."

Watu wakaguna. Mmoja akatema mate.

"Ulikaa naye jana jioni," Kidevu aliendelea, anamsogelea. "Watu wamekuona. Kazi yake iko shingoni, ghafla mgomo hauna maana. Sema tu umetumwa, mjomba, tusichoshane."

Ngumi ya Msumari ilijikunja yenyewe. Na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana njia ilikuwa wazi mbele yake. Angesema neno moja tu, turudini, na neno hilo lingekuwa na sababu. Bei ya ng'ambo imezidi, mafuta ni yaleyale, nani angembishia? Dada yake angemaliza siku akiwa na sare mwilini.

"Hatununui kwa Tajiri," alisema. "Wala hatununui kule. Tulikuwa tunahamisha matako tu, kutoka kiti hiki kwenda kile, na viti vyote ni vyake. Anachouza ni mafuta tunayochoma. Basi tusichome. Tuegeshe."

"Tule nini?" mtu aliuliza.

"Sijui."

Jibu hilo liliwashtua kuliko hotuba. Msumari alichomoa ufunguo wa gari lake, akauweka juu ya benchi, mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti aliutazama kama mtu aliyewekewa mdudu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, polepole, akatoa wa kwake. "Mwenye gari atanitafuna mbichi," alisema, akauweka.

Mwanamke mwenye mizigo alifika akiita teksi. Hakuna aliyejongea. Kidevu aliwatazama wote, akacheka, akamfungulia mlango. Wengine watatu wakamfuata na magari yao. Waliobaki walibaki, funguo zikarundikana, na habari ikavuka kwa mguu hadi stendi ya pili, na kutoka huko hadi kwa wenye malori ya mchanga.

Mchana foleni ya kituo kidogo ilikuwa imekwisha. Lori jekundu lilirudi na mzigo mwingine, safari hii bila turubai. Mhudumu alitumbukiza ufito wa kupimia kwenye tangi la ardhini, akautoa umelowa karibu wote, akatikisa kichwa. Hapakuwa na pa kumwaga. Dereva aligombana, akapiga simu, akangoja juani, akageuza lori likiwa limejaa. Madereva stendini walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Msumari hakupiga. Upande wa pili, mlango wa ofisi ya Tajiri ulikuwa umefunguliwa. Dada yake aliitwa ndani, akakaa kidogo, akatoka. Aliivua sare palepale, kupitia kichwani, akabaki na gauni lake la nyumbani, akaitundika kwenye mkono wa pampu. Akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.

Madereva walimpisha. Alisimama mbele ya kaka yake, karibu kabisa.

"Sina la kukwambia," Msumari alisema.

"Usiniambie." Alilitazama lile rundo la funguo, akalichambua kwa kidole mpaka akaufikia ufunguo wa kaka yake, akautia ndani ya kifua cha gauni lake. "Utamwendea mama kwa miguu. Na huu huupati mpaka yule Tajiri ashushe bei."

Akaketi kwenye benchi, katikati ya wanaume, uso ameuelekeza kituoni.