Mabenchi ya Sabato

Benchi la kwanza liliingia Gredi ya Nne kama jeneza, watoto wanne mbele na wanne nyuma, na Mwalimu Drusilla ikabidi ajibanze ukutani kulipisha. Nyuma yake yalifuata mengine kutoka kanisa la Sabato juu ya kilima, mabenchi mazito ya mbao za zamani, kila moja na kijirafu mgongoni cha kuwekea Biblia.

"Nani amesema mlete hivi vitu?" Drusilla aliuliza.

"Mwalimu Mkuu, Madam!" walijibu kwa furaha ya watu waliosamehewa hesabu.

Shule ya Msingi ya Riamokua haikuwa na madawati. Ilipata kuwa nayo, yaliyoundwa kwa mkaratusi mbichi na fundi aliyekuwa shemeji ya mtu mkubwa, na watu wa pale wanaapa kwamba yalishushwa kwenye lori yakiwa bado yanachipua majani. Muhula haukuisha kabla hayajajikunja na kuvunjika. Tangu hapo watoto walikaa chini, kwenye vumbi ambalo funza walikuwa wamelifanya kwao. Funza wa Riamokua hawakosi shule hata mvua inyeshe mawe. Wangesajiliwa mtihani, wengine wangeitwa shule za kitaifa. Watu walicheka wakisema hivyo. Drusilla aliacha kucheka siku alipomwona Ashley, binti wa mchuma chai, akiingia darasani akitembea kwa visigino, vidole vimeliwa na funza.

Kwa ajili ya visigino hivyo alienda ofisi ya elimu. Wakamwambia madawati ni kazi ya mfuko wa mbunge. Kwa mbunge wakasema aulize kaunti. Kaunti ikasema yenyewe ni ya chekechea tu, labda kanisa lililoanzisha shule. Kanisa likasema serikali ilichukua shule, si ichukue na taabu zake? Alizungushwa mpaka mabawabu wakawa wanamsalimia kwa jina la mamake. Mwishowe afisa mmoja, Bwana Nyangau, akasema stoo kuna madawati machache, na angekuja Ijumaa aone kwa macho yake. Akikuta watoto wako chini, yangeletwa.

Na Ijumaa ndiyo hii.

Mwalimu Mkuu, Bwana Mogire, alikuwa ofisini akinyoosha kitambaa cha meza cha kuazima.

"Mwalimu, mabenchi ya nini?"

"Mgeni anakuja, Madam."

"Anakuja kuona kwamba hatuna!"

"Ataambiwa. Lakini aingie akute watoto wamelalia tumbo kama mijusi, wakiandika? Mgeni? Ataniuliza mimi nilikuwa wapi miaka hii yote. Yaya, hapana! Tumpokee, ale, halafu tumweleze pole pole."

"Mtu akishiba ndiyo anasikia," alisema Mzee Okemwa, mwenyekiti wa wazazi, aliyekuja na jogoo kwapani. Jogoo mwenyewe alikuwa amekula chumvi nyingi, ungedhani alisoma hapo hapo Riamokua kabla ya Mwalimu Mkuu kuajiriwa.

 Kwao Drusilla pia ilikuwa hivyo. Mgeni akibisha hodi, hata jirani mliyekosana naye hukupa kiti chake, kisha ugomvi unaendelea kesho. Hakuna nyumba vilimani humo inayomwacha mgeni aone upungufu wake. Alijua ni kosa, akashika kitambaa upande wa pili, wakakinyoosha pamoja.

Nyangau aliahidi asubuhi, akafika mchana jua limeanza kulegea. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu safi, na alipoingia Gredi ya Nne watoto walisimama, wakaimba salamu, wakaketi. Mabenchi yakalia kama kanisa zima limepiga amina. Ashley alikuwa benchi la pili, miguu ikining'inia, daftari limetulia kwenye kijirafu cha Biblia. Afisa akamwinamia.

"Mnakaa vizuri, mrembo?"

"Ndiyo, bwana. Leo tunakaa vizuri sana."

Akamshika kichwa, akatabasamu, akaandika kitu.

"Bwana Nyangau," Drusilla alianza, "haya mabenchi..."

Mzee Okemwa alimshika mgeni mkono. "Mkubwa, chakula inapoa. Madam atakueleza tukikula."

Mezani kulikuwa na ugali wa wimbi, mboga za chinsaga, na yule jogoo, aliyekataa meno mpaka dakika ya mwisho. Mogire alisifu barabara, akasifu mvua, akasifu gari la mgeni. Kila Drusilla alipokohoa, mtu alimwongezea mgeni mchuzi. Alipoona afisa ananawa mikono, aliinuka akatoka.

"Bebeni," aliwaambia watoto. "Mpitie mbele ya dirisha la ofisi. Mbele yake kabisa."

Walipita. Benchi baada ya benchi, migongo midogo imepinda, mmoja akimwambia mwenzake, "Inua upande wako, wewe!" Ndani ya ofisi mgeni aligeukia dirisha.

"Yanaenda wapi hayo?" Nyangau aliuliza.

Mogire alinyoosha tai yake. "Eeh... tunasaidia kanisa kidogo, Mkubwa. Kesho ni Sabato."

"Uongo," alisema Drusilla mlangoni.  "Ni ya kanisa. Yameazimwa leo kwa sababu yako. Watoto wanakaa chini. Wanaliwa na funza. Njoo nikuonyeshe miguu."

 Okemwa alitazama mifupa kwenye sahani yake kana kwamba ingemtetea.

Nyangau hakushtuka. Alijifuta vidole kimoja kimoja.

"Madam, karibu kila shule ninayoenda huwa na viti siku ninayoenda. Pale nilipotoka wameazima viti vya matanga. Bado vina jina la marehemu." Alicheka kidogo, peke yake. "Unadhani sijui? Lakini madawati hayatoshi. Yanatosha shule mbili, na mimi nina shule kama uyoga. Asubuhi hii, karibu na Keroka, nimekuta watoto wako chini na hakuna aliyenipa hata maji. Nimeandika wako chini. Hapa nimekuta mabenchi, nimeandika mabenchi. Mmenirahisishia kazi."

"Si ufute uandike ukweli?"

"Na nikiulizwa na wakubwa kwa nini nimefuta, niseme nilikula kuku kwanza?"

"Basi wa kulaumiwa ni nani, bwana? Niambie mmoja tu, nimfuate."

Nyangau alimtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Mimi naandika tu, Madam," alisema. Akashukuru kwa chakula. Mzee Okemwa akamfungia paja lililobaki, kwa mazoea, akampelekea hadi garini.

Gari lilipokwisha kupotea nyuma ya migomba, Mogire alikaa juu ya ngazi ya ofisi na tai yake nzuri. "Ningefanyaje, Madam? Ningemkalisha mgeni chini?"

"Ndiyo," alisema Drusilla. "Kando ya Ashley."

Akamwacha hapo, akaenda darasani.

Mabenchi mawili tu yalikuwa yamebaki. Ashley, ambaye miguu haikumruhusu kupanda kilima, alikuwa ameketi kwenye la nyuma, ameegemeza daftari kwenye kijirafu cha la mbele, anaandika, ulimi nje. Mlangoni alisimama Mzee Nyamweya, mzee wa kanisa, aliyeyatoa mabenchi kwa sharti moja: yarudi na yapanguswe kabla jua halijatua na Sabato kuingia.

"Madam," alisema taratibu. "Jua."

Drusilla aliinama juu ya daftari. Herufi zilikuwa zimesimama wima, zimeshika mstari, kama za mtoto mwingine kabisa. Akajiweka kati ya mzee na benchi.

"Amalize sentensi yake."

Mzee aliangalia kilima, ambako kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye majani ya chai. Akamwangalia mtoto, na ile miguu iliyofungwa vitambaa. Akavua kofia yake, akangoja.

Sentensi ilikuwa imekwisha zamani. Ashley akaanza nyingine.