Perege wa Kilo Sitini na Moja

Saa moja asubuhi, Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1987, lori la kiwanda cha magunia cha Changamwe lilisimama kando ya bwawa huko Mjambere, likateremsha wanaume sita, fito sita za kuvulia na sufuria ya sima iliyolala. Sima ilikuwa ya samaki. Wanaume wenyewe walikuwa hawajala kitu.

Wa mwisho kushuka alikuwa Kitsao. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, hata kwake Magongo hakupita, na vumbi la katani lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kibarua pale kiwandani. Ijumaa meneja alimwita kando akamwambia, "Kitsao, klabu yetu haijawahi kushinda. Niletee kombe, Jumatatu nakupa barua." Barua ya kuajiriwa kwa kudumu. Ndiyo maana Kitsao hakwenda kulala.

Bwawa lenyewe zamani lilikuwa timbo la mawe. Mwaka 1981 ukuta wa timbo uliwaangukia vibarua wanne. Mwenye timbo alifungua daftari lake la wafanyakazi, hakuona jina la kibarua hata mmoja, akasema hakuna mtu chini. Maji yalipanda yenyewe. Akatia perege na kambare, akaweka geti, na vilabu vikaanza kuja kushindana.

Kanuni zilikuwa chache. Unavua kwa ndoana. Samaki wako unawaweka majini kwenye kifuko cha wavu. Jioni wanapimwa, kisha wanarudishwa bwawani wakiwa hai. Asiyerudishwa, uzito wake hauhesabiwi. Watu wa Mjambere walikuwa wakija kuitazama kanuni hiyo ya mwisho tu.

"Mwavua, halafu mwatupa?" aliuliza Nyamvula, mjane aliyeuza chai na mahamri ukingoni. Aliuliza hivyo kila mashindano. "Hata paka hana wazimu huo."

"Ndiyo mchezo wenyewe, dada," alisema Kitsao.

"Mchezo! Na macho hayo mekundu? Chukua hamri, utaanguka majini uvuliwe wewe."

Kufikia saa nane mchana Kitsao alikuwa na perege wawili wembamba. Ngala, nahodha wa klabu ya matangi ya mafuta, alikuwa na kifuko kilichojaa na alikuwa akiimba. Kitsao alisinzia akiwa ameshika ufito. Alipozinduka, boya lilikuwa limezama.

Alivuta kwa nusu saa. Ufito ulijipinda mpaka ncha ikaingia majini, na wenzake wakamwambia akate mshipi, hilo ni jiwe. Hakukata. Mwishowe alitoka perege wa ukubwa wa kiganja. Kitsao aliinama amwokote, akashindwa. Alimwita mwenzake Kenga, wakamwinua wawili, wakamtia kwenye karai la maji.

Hakimu wa mashindano alikuwa Mzee Boga, aliyestaafu kazi ya kupima kahawa bandarini. Mizani yake ya kuning'iniza ilikatika kulabu. Akaagiza lori liende dukani Kisauni likaazime mizani ya magunia. Lilirudi saa kumi. Akapima, akatoa uzito wa karai na maji, akavaa miwani, akaandika.

"Perege mmoja. Kilo sitini na moja."

"Mzee Boga, shikamoo tena," alisema Ngala. "Huyo amelishwa mawe."

"Marahaba. Mbonyeze tumbo."

Ngala alimbonyeza. Tumbo lilikuwa laini.

"Nimepima kahawa miaka thelathini," alisema Mzee Boga. "Mizani haina udugu na mtu. Wallahi, ikisema sitini na moja, mimi naandika sitini na moja."

Nyamvula alikuja akijifuta mikono kwa leso. "Kilo ngapi?"

"Sitini na moja, mama," alisema Mzee Boga.

"Wiki ile ya mwisho, kabla ukuta haujaanguka, mume wangu alikwenda hospitali, kifua kilikuwa kikimsumbua. Walimpima huko. Sitini na moja." Aliinama juu ya karai, akamtazama samaki upande mmoja, kisha upande wa pili. "Fondo," alisema. "Umekonda uso."

Samaki alifungua mdomo akaufunga. Wanaume wachache walivua kofia.

"Nipeni mume wangu nikamzike," alisema Nyamvula.

Mwenye bwawa aliitwa kutoka getini. Alimtazama samaki bila kuinama. "Mama, hapa hakuna mtu. Huyu nilimnunua mimi, akiwa kama ukucha. Anarudi majini."

Mzee Boga alifungua karatasi ya kanuni. "Mpaka jua litue, samaki ni wa aliyemvua," alisema. "Kitsao, ukimrudisha, kombe ni lako. Ukimtoa, nakufuta. Nitakachoandika ni hicho."

Kitsao alikaa juu ya jiwe. Aliifikiria barua. Jina lake lingepigwa taipu. Angeugua bila kufukuzwa. Angelala Jumapili. Macho yalimwasha, na alitamani mtu mwingine yeyote aulizwe swali hilo.

"Dada," alisema, "umengoja miaka mingapi?"

"Sita. Na wewe?"

"Kumi na mmoja."

"Basi wanijua."

Kitsao aliinuka kwenye jiwe. "Mchukue," alisema.

Mzee Boga alipiga mstari kwenye daftari. Kombe likawa la Ngala. Ngala alilipokea, akaliweka ndani ya lori lao, akarudi kusaidia kubeba.

Samaki alikata roho kabla hawajafika barabarani. Waliazima kitanda cha kamba kwa jirani, wakamlaza katikati, wakamfunika shuka, na wanaume wanane wakapokezana mabega mpaka nyumbani kwa Nyamvula, maana kilo sitini na moja ni kilo sitini na moja. Chifu aliulizwa kuhusu kibali cha mazishi. Alisema samaki hahitaji kibali. Aliulizwa kama angeandika basi kwamba Fondo amefariki. Alisema hawezi, mwili hajauona. Kaburi lilichimbwa la urefu wa mtu mzima, kwa kuwa Nyamvula alisema Fondo hakupenda kukunja miguu.

Jumatatu meneja alimkuta Kitsao mlangoni. "Nimesikia ulikaribia," alisema. "Mwakani, inshallah." Kisha akamwonyesha marobota ya kupakia.

Kabla ya mashindano yaliyofuata, mwenye bwawa alipaka rangi ubao mpya getini: samaki yeyote atakayezidi kilo mbili arudishwe papo hapo, bila kupimwa. Vilabu vilikubali. Kupima kwa mizani ya magunia kulikuwa kumechelewesha watu kurudi makwao.

Siku hiyo Kitsao alipangiwa upande wa pili wa bwawa. Saa tano boya lilizama na ufito ukajipinda ukagusa maji. Safari hii hakumwita Kenga. Alijitupa majini mpaka kifuani, akamtoa ndoana, akamwinua samaki mdogo juu ya maji kwa mikono miwili, akimwegemeza begani kama gunia. Huyu alikuwa mzito kuliko Fondo.

"Rudisha, Kitsao!" aliita Mzee Boga kutoka ng'ambo. Hakuja na mizani. Alikuwa ameambiwa asiilete.

"Naam, mzee."

Kitsao aligeuka akawatazama watu waliosimama ukingoni, mmoja mmoja, kama kuna anayetaka kusogea amdai. Walikuwa wakila mahamri. Alisubiri mpaka mikono ikafa ganzi, kisha akamwachia azame, na maji yalipopanda kutoka kifuani yakamgota shingoni, akajua samaki huyo ni mwanamume mnene.