Nyaya Mbili za Mlango wa Nyuma

...na kazi ni ya mkono wake, hata ungemwamsha usingizini angeijua, nyaya mbili zimesokotwa kuelekea kushoto kwa kuwa yeye ni mtu wa mashoto, utepe mweusi mizunguko mitatu, na swichi ya sumaku ya kengele ya wezi imekaa kwenye fremu ya mlango haijaungwa na chochote, pambo tu, ee Mungu wangu, fundi mzima juu ya stuli ameshika aibu yake kwa vidole viwili, na mama wa watu yuko chini anamshikia stuli asije akaanguka... “Umeliona tatizo, mwanangu?”... bado natafuta, Mama... bado nini na mita imeshamlilia mlango ukiwa wazi, imemwambia umeme unapita pasipopaswa kupita, huo sasa ni uongo wa pili, wa kwanza ulikuwa mwaka juzi, swichi ilipokufa na mkobani hamna nyingine, king'ora kinapiga kelele ovyo, mteja mwingine anapiga simu, akasema moyoni ngoja niziunge hizi mbili kwa leo tu, kisanduku cha ukutani kidhani mlango umefungwa, kesho nitarudi, na kisanduku kikanyamaza, kikanyamaza hata wiki iliyopita mchana kweupe, mama yuko kliniki, wezi wakaingia kwa mlango huu huu wakabeba runinga na cherehani, ngoja ngoja huumiza matumbo lakini hii yake imeumiza tumbo la mwenzake, na ndiye huyo huyo anayewacheka mafundi wengine kijiweni, eti fundi gani anaunga waya kisha anakwenda kunywa chai, lo, fundi gani... “Mimi ndiye niliyesahau kuiwasha kengele siku ile,” mama anasema huko chini, “nilidhani nimebonyeza zile namba, kumbe wapi, uzee haufichiki, Jumamosi binti yangu anakuja kunichukua, nyumba itapangishwa, anasema mtu asiyekumbuka kufunga kwake hawezi kuachwa peke yake, nami nimjibu nini?”... anacheka, kicheko kinakatika... “Hivi mwanangu, mtu akianza kuchanganyikiwa, huwa anajijua?”

Fundi amezibana nyaya kwa koleo, akate, atie mfukoni, swichi mpya dakika kumi, sumaku yake mlangoni, aseme ya zamani imeoza, nani atajua, hakuna atakayejua, jina litabaki safi na wateja wataendelea kuitana, mwambie jirani, fundi huyu hana mfano... hana mfano kweli, anamwacha mzee wa watu ahamishwe kwake, kila asubuhi kwa bintiye aanze siku kwa kujipima akili, nimefunga, sijafunga, na yeye alipofika alisoma kumbukumbu za kisanduku, siku ile ya wizi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kengele imewashwa, namba za mama mwenyewe, aliyasoma haya kwa macho yake akajitia hakuyaona, mwanaharamu we, ulijitia hukuyaona... koleo limelegea, nyaya ziko pale pale zimekumbatiana, na mikono ya mama bado imeshika stuli.

“Mama, mpigie binti yako. Nizungumze naye mimi.”

“Umwambie nini?”

“Kwamba uliiwasha,” akasema bila kuthubutu kutazama chini. “Aliyesahau ni mimi.”