Gari la Mtu Mmoja

Mama mkwe wangu amekaa kiti cha mbele kwa miaka kumi na moja. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Siku alipohamia kwetu na magoti yake mabovu, mume wangu alimfungulia mlango wa mbele, mimi nikapisha, na kupisha huko ndiko kulikoniponza. Tangu hapo naenda sokoni, hospitali, msibani na harusini nikiwa nyuma, nikitazama kisogo chake. Kimoyomoyo namwita Bi Mbele. Mume wangu akitaka kuniambia jambo njiani hunitafuta kwenye kioo, na mama yake hujibu kabla yangu.

Mtu atasema wivu gani huo, kumwonea kijicho mama wa watu, tena mzee. Ni wivu, sikatai. Lakini mimi ni fundi wa viti vya magari, na kiti nakijua. Watu hudhani ni sponji na kitambaa tu. Mimi nikikifumua namjua mwenye nacho: anayeegemea upande mmoja kwa sababu ya kiuno, anayekaa juu ya pochi yake, anayebeba mtoto mwenye tabia ya kupiga mateke. Nikiegesha gari letu karakanani na kubonyeza kile kiti cha mbele, nasikia kabisa umbo la mama mkwe. Kwa mume wangu hakuna mahali penye umbo langu zaidi ya kitandani, na huko tunalala.

Mume wangu ni mfamasia. Kutwa nzima anasimama nyuma ya kaunta, watu wanamwinamia na kumnong'oneza mambo yao ya tumbo na ya chumbani. Akirudi nyumbani anakuta wanawake wawili, mmoja anamwita kutoka jikoni, mwingine kutoka sebuleni, na mara nyingine tunamwita kwa pamoja makusudi ili tuone atakwenda wapi kwanza. Hajawahi kulalamika. Huenda jikoni, akatoka, akaenda sebuleni, kisha akauliza kama kuna mwingine anayemhitaji.

Basi jioni moja, wakati wa kula, akatuonyesha picha kwenye simu. Gari la michezo, milango miwili, jekundu lililopauka, la zamani kuliko ndoa yetu. Lilikuwa linauzwa na mzee mmoja mpima ardhi aliyestaafu, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Alisema analifikiria. Hili letu lingebaki la shughuli za nyumbani, na lile lingekuwa, akasita kidogo, la kutembelea tu. Sikuwahi kumsikia akijitakia kitu tangu nimjue.

Mimi sikusikia habari ya kutembelea. Nilisikia milango miwili. Magari ya aina hiyo yamepita mikononi mwangu, na nyuma huwa kuna kibenchi cha kuwekea mkoba, si cha kukalia mtu mzima. Tena yako chini, karibu na ardhi. Nikayafikiria yale magoti ya Bi Mbele, moyo ukaniruka kwa furaha isiyo nzuri. Nikalisifu lile gari mpaka mume wangu akacheka. Nikasema mtu anayefanya kazi kama yeye anastahili kujipendelea mara moja. Mama mkwe alitafuna taratibu, akameza, akauliza liko chini kiasi gani.

Wiki ile nyumba haikukalika. Siku ya pili nilimkuta sebuleni na kigoda cha jikoni, anashuka na kuinuka huku ameshika mlango wa kabati, jasho linamtoka. Aliponiona akasema anatafuta sindano iliyomwanguka. Nikamwambia magari yale yana sifa mbaya ya kuvunja watu migongo. Akanijibu kwamba mgongo wake ni mzima, labda mbovu ni wangu mimi niliyeinamia cherehani miaka yote. Nikaenda jikoni kumalizia hasira zangu kwenye masufuria.

Mume wangu hakuona kitu, au alijifanya hamnazo. Mekanika wake alikwishalipitia lile gari na kusema injini haina tatizo. Ijumaa usiku, wakati anazima taa, aliniambia kwamba kilichobaki ni mimi.

"Fundi, kwenye viti neno lako ndilo la mwisho," alisema. "Ukisema ndiyo, nanunua. Ukisema hapana, naacha."

Nikalala nikijua tayari nitasema ndiyo. Nilikwishachagua mpaka nguo ya kuvaa siku ya kwanza nitakapopita nalo mbele ya karakana, nimekaa ubavuni pake, ananiambia jambo bila kunitafuta kwenye kioo.

Asubuhi tukaenda watatu, mimi nyuma kama kawaida. Mzee mpima ardhi alitupokea getini, mrefu, amenyooka, funguo zikining'inia shingoni kwa kamba. Alilifunua gari lake taratibu, akakunja turubai pande nne na kuliweka juu ya kiti cha plastiki pale uani. Kabla hata hatujamaliza kusalimiana, mama mkwe alifungua mlango wa abiria, akageuka, akajiachia. Akaingia. Akakaa pale ameshika mkoba mapajani na kutazama mbele, na alipotupa jicho kwangu nilijua kile kigoda kilikuwa kimefanya kazi yake.

Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Mume wangu alishika mkono mmoja, mzee akashika mwingine, wakamvuta mpaka akasimama. Akajipangusa nguo, akasema gari ni zuri, halina shida yoyote. Nilijiona nimekunjwa kwenye kile kibenchi cha nyuma, magoti kidevuni, kisogo kilekile mbele yangu, tena sasa kwa karibu zaidi.

Nikaingia kazini ili nisilie. Nilianza na kiti cha dereva. Ngozi ilikuwa imelika ubavu wa upande wa mlango, pale mtu anapojisugua akiingia na kutoka, na sponji ilikuwa imelala kidogo katikati, mgongo wa mtu mmoja, miaka mingi. Nikapitisha mkono chini. Fremu nzima, springi nzima, reli zimepakwa grisi na mtu anayejali. Nikazunguka upande wa abiria. Nikabonyeza sponji, ikanirudisha mkono. Nikabonyeza tena. Kiti kilikuwa kigumu kama kimetoka kiwandani jana.

Nikapiga magoti na kumulika chini yake kwa simu. Chini ya kiti cha abiria ndipo ninapokuta familia za watu. Pini za nywele, kalamu, vifungo, karatasi za peremende, hereni iliyotafutwa mpaka ikagombanisha watu. Pale hapakuwa na kitu, hata vumbi la viatu. Nikamwuliza mzee kama hakuna mtu aliyewahi kukikalia kile kiti.

Akacheka kwa haya, akakuna kidevu. "Nilikuwa na mke na watoto watano, mwanangu. Wao walikuwa na gari lao. Hili lilikuwa langu."

Akatueleza kwamba kila Jumamosi alikuwa akilitoa, anaendesha mpaka mafuta yafike nusu, kisha anageuza. Hakuwa anakwenda popote. Mkewe, Mungu amrehemu, mwanzoni alikuwa akimwuliza alikokuwa, baadaye akaacha kuuliza. Aliyasema hayo bila majuto yoyote, mkono wake uko juu ya paa la gari.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anamsikiliza yule mzee kama mtu mwenye njaa anavyosikiliza vyombo vikipangwa mezani. Kumbe naye alikuwa na wivu. Alimwonea wivu mzee wa watu kwa Jumamosi zake zote, kwa barabara isiyo na mtu wa kumjibu, kwa kile kiti kigumu kisicho na umbo la mtu. Hapo nikaelewa neno la kutembelea. Wiki nzima mimi na mama yake tulikuwa tumegombea nafasi kwenye safari ambayo hakuna kati yetu aliyealikwa.

Roho iliniuma kuliko siku yoyote ya ile miaka kumi na moja. Bi Mbele nilikuwa nimemzoea. Nazijua mbinu zake, najua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Huyu mshindani mpya hakuwa hata na kisogo cha kukichukia.

Mama mkwe alinisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Vikoje?"

Ufundi ulijibu kabla ya mimi kufikiri. "Vizima, Mama. Vitatuzika."

Akashusha pumzi. Alikuwa amemsikia mzee kama nilivyomsikia, na uso wake ulikuwa umemshuka. Tulisimama pale kidogo tumeshikilia mikoba yetu, na sikumbuki kama tuliwahi kusimama karibu hivyo.

Mimi sipimi kiti gari likiwa limesimama. Ndiyo desturi yangu. Kila gari ninalolishona naliendesha mzunguko mmoja kabla ya kumkabidhi mwenyewe, maana kiti husema ukweli kwenye kona na kwenye matuta. Nikaomba funguo. Mume wangu akataka kuingia ubavuni, nikamwambia hapana, uzito wa mtu wa pili utanichanganya. Huo haukuwa ukweli, lakini alikubali.

Nikatoka getini peke yangu. Kona ya kwanza kiti kilinishika kiuno, na injini ikanung'unika vizuri. Kona ya pili nikaongeza mwendo. Hakukuwa na mtu wa kuniambia punguza, wala wa kuniuliza kama tumezima jiko, wala kisogo. Nilikuwa nimepanga mzunguko mmoja, nikafanya mitatu. Nikajikuta nacheka peke yangu kwenye taa za barabarani, na mwenye baiskeli akanigeukia. Nikatazama kile kiti kitupu pembeni, na kwa dakika moja nzima sikutamani mtu yeyote akikalie. Hata mume wangu sikumtamani.

Nilielewa basi. Na kuelewa hakukunituliza hata kidogo, kulinichoma zaidi. Nilijua sasa utamu anaoutaka mume wangu ni wa namna gani, na kwamba mtu akishauonja hawezi kuuacha kwa sababu ya mke anayemsubiri sebuleni. Yule mke wa mzee alikuwa ameacha kuuliza. Mimi nitaacha baada ya miaka mingapi?

Niliporudi mume wangu alikuwa amesimama getini. Macho yake yalikuwa yameng'aa, ametoa mikono mfukoni, anatazama kila kitu, tairi, taa, boneti. Nimerudi nyumbani mara elfu ngapi na hajawahi kunisubiri getini hivyo. Nikazima injini. Nikashuka, nikainama tena chini ya kiti cha dereva, nikakaa huko kwa muda ambao fundi wa kweli angekaa, kisha nikasimama na kujifuta mikono.

"Fremu imepasuka," nikasema. "Ufa uko ndani, hauonekani mpaka gari litembee. Ukikanyaga breki ya ghafla, kiti kitang'oka na kukupeleka kwenye usukani."

Mzee akafungua mdomo. Akasema amekaa pale miaka kumi na tisa na hajasikia hata mlio. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mwenye gari huwa wa mwisho kusikia. Mume wangu akauliza kama haiwezi kuchomelewa. Nikamwambia chuma chake hakikubali, na kiti kingine cha aina hiyo hakipatikani tena popote, na kwamba mimi kwa mkono wangu siwezi kumkalisha mume wangu hapo. Kwa miaka yote ya kazi sijawahi kumdanganya mteja kuhusu kiti, hata msumari mmoja.

Nikamtazama mama mkwe. Yeye peke yake ndiye aliyejua nilichosema dakika ishirini zilizopita. Neno lake moja lingetosha. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akafunga zipu ya mkoba wake.

"Fundi ameshasema," akasema. "Twendeni nyumbani."

Mume wangu hakubisha. Alimshika mzee mkono, akamwomba radhi kwa kumpotezea muda, akagusa boneti kidogo kwa ncha za vidole. Mzee alianza kulikunjua turubai lake. Alipofika upande wa dereva alisimama, akaingiza mkono ndani, akakipapasa kile kiti kama anayempima mtoto homa.

Kwenye gari letu, mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma. Mwanawe alimwuliza kama magoti yanamsumbua, akasema anataka kunyoosha miguu. Mimi nikabaki nimesimama. Akanipungia mkono kutoka ndani, bila kunitazama, akaniambia nikae mbele, nisimcheleweshe mtu.

Nikakaa. Sponji ilikuwa na umbo lake, ikanibana mapajani. Mume wangu alivuta mkanda, akawasha gari, akaingia barabarani. Alipita mtaa wa kwanza, akapita wa pili. Kwenye taa akasimama, mikono yote miwili juu ya usukani, akageuza uso na kunitazama mimi, si kwenye kioo.

"Asante, Fundi," akasema. "Bila wewe ningejiua na kile kiti."

Nyuma yetu mama yake akakohoa. Nikamwambia mume wangu asinishukuru, hiyo ndiyo kazi yangu.