Mkasi na Kadi ya Kliniki

Namba yao kwenye foleni ya kliniki ilikuwa sitini na tatu, na ubao wa juu ya dirisha ulikuwa umeganda kwenye arobaini na nane. Mama alishaugeuza mkoba mara mbili, akapapasa mifuko, akalikung'uta blanketi. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiitafuta kadi ya kliniki mahali palepale.

"Niliiweka kwenye kifuko cha Bosi, naapa. Na kifuko chenyewe sikioni. Au nilikiacha kitandani?"

"Basi, mke wangu. Safari ilikuwa na mambo mengi."

Bosi ndiye mtoto, miezi tisa. Walimpa jina hilo kwa kuwa nyumba nzima ni vibarua wake. Jumatatu mama yake angeanza kazi ya usafi maofisini, lakini kituo cha kulelea watoto kilitaka kwanza fomu ya chanjo yenye muhuri. Bila muhuri hakuna nafasi, na bila nafasi hakuna kazi.

Mumewe alijua kadi iko wapi. Kwao alikuwa fundi wa kushona suti. Huku ugenini alikunja mashuka kwenye kiwanda cha kufulia. Siku ya safari, kwenye mizani ya uwanja wa ndege, sanduku lilizidi uzito kwa kilo moja. Mkewe alikuwa chooni akimbadilisha mtoto nepi, foleni nyuma inaguna. Fundi akaushika mkasi wake wa chuma, ule aliorithi kwa mzee aliyemfunza kazi. Akaurudisha kwenye mfuko wa nje wa sanduku. Akachomoa kifuko cha mtoto, akampa mdogo wake aliyewasindikiza, akalifunga sanduku kwa kamba. Walipofika tu, ujumbe ukaingia: "Kaka, humu mna kadi ya kliniki." Akaufuta. Alikusudia kumwambia mkewe kesho yake, na kesho haina mwisho.

Sitini na tatu ikafika. Karani alikuwa kijana mwenye mafua.

"Kadi?"

"Imepotea," fundi alijibu kwa lugha ya wenyeji, ambayo mkewe bado hakuijua.

"Kwenu hakuna mtu wa kukutumia hata picha? Picha nitaipokea. Bila hiyo anaanza upya: sindano tatu leo, tatu mwezi ujao."

"Anasemaje?" mkewe aliuliza.

Fundi akaliweka sawa blanketi la mtoto. "Anauliza nani ameipoteza."

"Mwambie ni mimi. Usimzungushe, atatukasirikia bure."

Fundi akamgeukia karani. "Picha hakuna. Mama yake ndiye aliyeipoteza." Karani akaandika. Kwenye kisanduku cha sababu akajaza: uzembe wa mama. Mama akaonyeshwa pa kusaini, akasaini, akasema asante, neno pekee alilolijua vizuri.

Muuguzi alimtaka mama ndiye amshike mtoto. Mbili za mapajani, moja ya mkono, kisha akampa fundi kadi mpya na fomu iliyopigwa muhuri. Bosi alilia mpaka sauti ikakatika, akamtazama mama yake kama mtu aliyesalitiwa. Fundi alisimama ukutani, mikono imemning'inia. Walipotoka, Bosi akamsukuma mama kwa viganja vyote viwili na kunyoosha mikono kwa baba.

"Mchukue," mama alisema, machozi yanamtoka. "Ana haki. Mimi ndiye niliyemponza."

Fundi akampokea. Yule mtoto akajilaza begani kwake, akatulia, na hilo ndilo lililomshinda. Alimrudisha kwa mama, akatoka nje, akampigia mdogo wake. Picha ikaingia baada ya dakika tano. Akaenda moja kwa moja dirishani, watu wakizomea.

"Picha hii hapa. Za mwezi ujao zifute. Na hapo kwenye sababu, andika baba."

Karani alipenga kamasi. "Fomu imeshaingia kwenye mfumo. Marekebisho yana miadi yake. Ya karibu ni baada ya wiki sita."

"Lakini sindano ni baada ya wiki nne."

"Ndivyo ilivyo. Anayefuata!"

Alipogeuka, mkewe alikuwa nyuma yake, macho kwenye simu. Pichani, kadi ilikuwa imelazwa juu ya kifuko cha bluu chenye vifungo alivyovishona fundi mwenyewe.

"Kifuko hiki nilikipakia kwa mkono wangu," alisema taratibu. "Nani alikitoa?"

"Mimi. Sanduku lilizidi uzito."

"Ukabakiza nini sandukuni?"

"Mkasi."

"Na nimesaini kitu gani pale?"

Akamwambia. Akamwambia na habari ya picha, yote, mpaka neno uzembe. Mama aliichukua kadi mpya mkononi mwa mumewe, akaitia kifuani, akamkaza Bosi aliyekuwa akimlilia baba yake, akaanza kushuka ngazi. Katikati alisimama bila kugeuka.

"Na huo mkasi, Fundi, umekata nini tangu tufike?"

Angeweza kutunga kitu. Siku hiyo alikuwa amechoshwa na uongo.

"Kamba ya sanduku," alijibu.